Kabla ya kumpeleka mwanafunzi Paris kwa simu, mwonyeshe Gikomba

Mwaka wa 2019 niliingia darasani huku Eastlands, Nairobi, nikiwa na miwani miwili ya kadibodi na simu mbili: moja yangu, nyingine ya kuazima. Somo lilikuwa Jiografia, Kidato cha Pili. Unatumbukiza simu ndani ya kadibodi, unaiweka machoni, na ghafla uko Paris chini ya Mnara wa Eiffel. Ukigeuza shingo, picha inageuka nawe. Ukiinua kichwa, unaona vyuma vya mnara vikipanda hadi mawinguni.

Darasa lilipasuka kwa kelele. "Tichee, niko majuu bila viza!" mmoja akapaaza sauti. Foleni ilifika mlangoni.

Raha hiyo ilidumu kama dakika kumi hivi. Kisha kijana mmoja wa dawati la nyuma akavua miwani, akaniangalia na kuuliza, "Sasa hapa tunaandika nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewatembeza tu, sikuwa nimewafunza kitu.

Swali hilo limenikaa moyoni hadi leo. Sasa kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, CBC, limeingia Gredi ya 10, na kila tukikutana walimu hakukosi mtu wa kutuambia kuwa miwani ya uhalisia pepe ndiyo itakayookoa elimu yetu. Mimi nasema tupunguze mwendo kidogo. Picha hizi zina faida kubwa, ila tumezishika upande usiofaa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Picha ya nyuzi 360 ni ile inayonasa kila upande kwa mkupuo mmoja: mbele, nyuma, juu na chini. Kamera yake huwa na lenzi mbili zilizopeana mgongo, kila moja ikiona zaidi ya nusu ya mazingira, kisha programu inaunganisha vipande hivyo viwili. Ukiwa na simu inayoweza kazi hiyo, unazunguka polepole ukipiga kipande baada ya kipande. Mtu akipita katikati ya shughuli hiyo, usishangae ukimwona ametokea bila kichwa.

Si teknolojia ya jana. Mnamo 2015 kampuni ya Google ilianzisha Expeditions, huduma iliyowapa walimu ziara za aina hii. Wakati huo miwani ya Cardboard ilikuwa gumzo kote duniani. Machi 2021 Cardboard ikaacha kuuzwa na kampuni hiyo, na Juni mwaka huo huo Expeditions ikafungwa. Baadhi ya ziara zilihamishiwa jukwaa la Google Arts & Culture, lakini programu yenyewe ilikufa. Funzo hapo ni la wazi: darasa ukilijenga kwenye kiwanja cha wenyewe, siku wakifunga lango unabaki nje na chaki yako.

Sasa turudi kwa lile swali la kijana wa dawati la nyuma. Mambo mawili tuliyoyapitia hapa Kenya yamenisaidia kulijibu.

La kwanza ni Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19. Tuliambiwa masomo yahamie mtandaoni. Kwa wanafunzi wangu wengi, mtandaoni ni mbali kuliko Paris. Simu ilikuwa moja nyumbani, na mama aliondoka nayo asubuhi kwenda kibaruani. Bando la siku lilikuwa linashindana na unga. Hata waliofaulu kuingia, wengi walizima kamera na kunyamaza. Mimi niliongea, wao wakasikiliza, au wakalala. Sitajua kamwe.

La pili ni Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa mrefu, mkavu, umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Hakuna mwalimu aliyeupanga kwenye ratiba. Lakini vijana waliukatakata vipande vipande TikTok na X, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, wakachora katuni, wakatunga vichekesho. Anguka Nayo, kibao cha Wadagliz kilichotungwa kwa ajili ya kudensi, kikawa wimbo wa maandamano. Vijana waliokuwa wakisinzia katika somo la uraia sasa walikuwa wakibishana kuhusu ushuru wa mkate. Juni 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa na damu kumwagika, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo.

Sitaki kuifanya siku hiyo ionekane kama sherehe. Kuna wazazi waliowazika watoto wao. Ninachotaka tukione kama walimu ni tofauti ya miaka hiyo miwili. Simu ni zile zile, bando ni lile lile la kukopa. Kilichobadilika ni nani alikuwa akitengeneza somo. Mwaka wa 2020 kijana alikuwa mtazamaji. Mwaka wa 2024 yeye ndiye aliyeshika kamera, na ili amweleze mwenzake alilazimika kuelewa kwanza.

Ndiyo maana sasa miwani naiacha kabatini na kuanza na kamera.

Zoezi letu la kwanza lilikuwa nganya. Msinicheke. Nganya ya Nairobi ni chumba cha nyuzi 360 kilichokuwepo kabla ya hizi kamera: muziki nyuma yako, skrini mbele, taa za rangi juu ya kichwa, sura za wanasoka na wanamuziki zimechorwa kila upande. Wanafunzi wangu wanaisoma kuliko wanavyosoma vitabu. Tuliomba ruhusa kwa dereva na utingo wakati gari limeegeshwa, tukapiga picha moja kutoka kiti cha katikati. Kisha kazi: nani amechorwa na nani hajachorwa? Wanawake ni wangapi, na wamechorwa wakifanya nini? Ule mstari wa manjano ubavuni, uliokuja na kanuni za Michuki mwaka wa 2004, unatuambia nini kuhusu serikali na barabara? Siku hiyo hakuna aliyeniuliza waandike nini. Kengele ililia wakiwa bado wanaandika.

Zoezi la pili lilikuwa Gikomba. Kundi la kwanza lilisimama kando ya barabara, mbali na watu, likarudi na picha ya mabati, moshi na umati usio na sura. Kundi la pili lilizungumza na mama muuza mitumba, likakubaliwa kusimama nyuma ya meza yake. Katika picha yao unaona nyuso za wanunuzi wakichagua, mkono wa mama ukikunja suruali, na ukigeuka nyuma unaona maji ya Mto Nairobi yamebeba taka.

Soko ni lile lile. Msichana mmoja wa kundi la kwanza alizitazama zote mbili kwa muda, kisha akasema, "Yetu inakaa ya watalii."

Hilo ndilo somo ambalo sikuweza kulitoa kwa Mnara wa Eiffel. Watu husema picha ya nyuzi 360 haifichi kitu kwa kuwa inaonyesha pande zote. Si kweli. Bado kuna mtu aliyechagua asimame wapi, saa ngapi, na aombe ruhusa ya nani. Kijana akilijua hilo kuhusu picha yake mwenyewe, hata video anazoletewa na TikTok usiku ataanza kuziuliza maswali.

Na hapo kwenye ruhusa, walimu wenzangu, tusicheze. Kamera hii inamnasa kila aliye karibu, hata yule aliyekupa mgongo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Septemba 2023 shule moja ilipigwa faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Kwetu, kabla picha haijatoka darasani, sura za watoto hufichwa na watu wazima huonyeshwa kwanza. Yule mama wa mitumba alijitazama, akacheka, akatuomba tumfiche tu mpangaji wake aliyekuwa amepiga miayo.

Gharama je? Picha ya aina hii si mzigo kama video. Ni megabaiti chache, na mnaweza kutumiana kwa Bluetooth bila bando lolote. Simu nyingi za bei nafuu hazina kifaa cha kuhisi zinapogeuzwa, lakini picha unaweza kuivuta kwa kidole ukaona pande zote. Kamera moja ikizunguka shule kadhaa inatosha kuanzia.

Ombi langu kwa Wizara ya Elimu ni dogo. Kabla ya kutia saini ya kununua miwani kwa maelfu, nunueni kamera chache na mtoe mafunzo kwa walimu. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, tayari ina jukwaa lake la mtandaoni. Lifunguliwe kwa kazi za wanafunzi, ili mtoto wa Lodwar aione Gikomba iliyopigwa na mwenzake, na wa Eastlands aione Turkana iliyopigwa na mtoto wa Turkana, isiwe ile ya watalii.

Paris tutaenda tu, haina haraka. Kijana wa dawati la nyuma alishamaliza shule zamani. Nikikutana naye mtaani nitamjibu: andika ulikosimama, na kwa nini ulisimama hapo.