Walinzi wadogo wa damu yetu

Jembe likiachwa mvuani hushika kutu, kwa kuwa oksijeni hula chuma. Nayo damu yetu ina chuma, na kazi yake ni kuchukua oksijeni usiku na mchana. Mbona basi haiharibiki upesi?

Katika uboho wa mifupa yetu zimo seli za shina. Hizo ni kama kisiki cha mgomba: chenyewe hubaki ardhini, na machipukizi hayakomi. Kila sekunde huzaliwa seli nyekundu zipatazo milioni 2, na kila moja huishi siku 120 hivi. Lakini oksijeni hiyo hiyo ituhuishayo huzaa sumu, kama peroksidi ya hidrojeni, iwezayo kuharibu seli.

Yuko mlinzi, protini iitwayo FoxO3. Yeye huamuru katalase itengenezwe, nayo hugeuza sumu hiyo kuwa maji na oksijeni. Mwaka 2007 wataalamu waliona kwamba panya walionyimwa protini za ukoo huo walipungukiwa na seli za shina za damu. Ila FoxO3 hafanyi kazi asipoingia katika kiini cha seli, na protini nyingine humzuia nje.

Nani amfungulie mlango? Ni mikro-RNA, kiuzi chenye herufi 22 tu au karibu yake. Hakitengenezi protini, huzuia maagizo ya kutengeneza protini yasitimizwe. Katika machipukizi yanayogeuka seli nyekundu, kile kiitwacho miR-451 hupunguza yule mzuiaji, na mlinzi huingia. Mwaka 2010 ilionekana kwamba seli nyekundu za panya wasio nacho huharibika upesi wakipewa dawa zenye kuzidisha sumu ya oksijeni.

Viuzi hivyo viligunduliwa mwaka 1993 katika mnyoo wa milimita 1. Wagunduzi, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2024. Kidogo si cha kudharauliwa!

Nasi tupate fundisho. Wako watu kati yetu waliozaliwa na upungufu wa kinga nyingine ya damu, iitwayo G6PD. Primakini, dawa ya malaria, yaweza kuvunja damu yao. Enyi wazazi, msiwape watoto dawa hiyo bila kumwuliza mganga. Na mgonjwa aliyeimeza akikojoa mkojo mweusi, mpelekeni hospitali siku ile ile.