Mulago: Mlango Usiouliza Cheo

Mwenye kupanda kilima cha Mulago wakati wa alfajiri, akitokea upande wa Wandegeya ama upande wa Kamwokya, hakutani kwanza na daktari. Hukutana na ndoo. Hukutana na mama aliyejitwika sufuria ya uji, na kijana aliyekunja mkeka wake kwapani, na mzee aliyeshika chupa ya chai huku akiuliza njia ya kuiendea wodi. Hao ndio jamaa za wagonjwa. Katika nchi yetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Huenda na nyumba yake. Muuguzi humpa dawa, lakini ni dada yake amwogeshaye, na ni mkewe amfuliaye nguo na kuzianika juani, na ni mwanawe alalaye sakafuni usiku kucha akisikiliza pumzi zake.

Wako wanaodhani kwamba mambo ya ulimwengu ni yale tu yanayopigiwa mbiu kutoka miji ya mbali. Sisi twasema kwamba mambo ya ulimwengu hupita pia mbele ya lango la Mulago, na mara nyingi aliyesimama karibu na lango hilo ni mmoja wenu, ndugu wasomaji, akiwa amevaa sare. Kwa hiyo leo tumeona yafaa tukichambue kilima hiki, tukiuliza yale yanayotokea hapo kila siku yanatufundisha nini sisi tuliopewa dhamana ya kulinda raia na mali zao.

Kilima na historia yake

Hospitali ya Mulago ilianzishwa mwaka 1913 na daktari Mwingereza, Albert Cook, kwa kusudi la kupambana na magonjwa ya zinaa yaliyokuwa yamewasumbua watu wengi wakati ule. Mwaka 1924 mafunzo ya udaktari yalianza Makerere, na tangu hapo vilima hivi viwili vimekuwa kama mtu na kivuli chake: kimoja chafundisha, kingine chatibu. Katika miaka ya 1950 wachunguzi wawili wa maisha ya jamii, Southall na Gutkind, walikuja kutazama namna watu wanavyoishi katika vitongoji vya Kampala. Vitongoji walivyovichagua vilikuwa Kisenyi na Mulago. Waliona watu wa makabila mengi waliokuja kutafuta kazi, wakapanga vyumba, wakauza pombe na chakula, wakajifunza kuwa wenyeji wa mji. Anayepita leo Mulago kuelekea Kalerwe ataona kwamba kazi hiyo ya kujifunza mji haijaisha.

Jengo kubwa tunaloliita Mulago Mpya lilifunguliwa mwaka 1962, mwaka ule ule tuliopata uhuru. Hata kabla ya hapo jina la Mulago lilikuwa limekwisha kuvuka bahari. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi hapo, alitoa maelezo ya uvimbe wa kansa aliouona katika taya za watoto, na hadi sasa ugonjwa huo hujulikana duniani kwa jina lake. Mwaka 1967 ikaanzishwa taasisi ya kansa juu ya kilima hicho hicho. Twayataja haya ili askari kijana asidhani kwamba analinda jengo la kawaida. Analinda mahali ambapo elimu ya ulimwengu iliongezeka.

Msongamano na sababu yake

Malalamiko ya kila siku juu ya Mulago ni msongamano. Kwa miaka mingi akina mama zaidi ya 30,000 walijifungua hapo kila mwaka, idadi ambayo hospitali chache duniani zimepata kuibeba. Serikali ilijenga hospitali za Kawempe na Kiruddu ili kuupunguza mzigo huo, na mwaka 2018 ikafunguliwa hapo Mulago hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga yenye vitanda 450. Jengo la zamani nalo likafanyiwa matengenezo makubwa.

Lakini majengo peke yake hayamalizi jambo. Mulago ni hospitali ya rufaa, maana yake ni kwamba mgonjwa angepaswa kufika hapo baada ya kushindikana kwingine. Hali halisi ni kwamba mtu mwenye homa ya malaria hukipita kituo cha afya kilicho karibu na kwake, kwa kuwa jana alikikuta hakina dawa ama hakina mganga, akapanda bodaboda hadi kwenye kilima. Hivyo daktari bingwa hutumia asubuhi yake kwa kazi ambayo ingefanywa na mganga msaidizi, na mgonjwa wa kichwa kilichopasuka hungoja. Kiini cha msongamano wa Mulago kiko nje ya Mulago, katika vituo vidogo vya wilaya. Askari aelewe jambo hili, kwa maana ndivyo ilivyo pia katika vita: hospitali kuu hulemewa iwapo huduma ya kwanza katika kikosi ni dhaifu.

Bondeni nako kuna sababu nyingine. Kati ya Mulago na Makerere kuna bonde la Katanga, na upande wa Kalerwe hupita mfereji wa Nsooba. Watu wenye kipato kidogo wamejenga mabondeni kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kujenga kwingine. Mvua kubwa inyeshapo, kama ile ya tarehe 26 Machi 2025 iliyoleta mafuriko na vifo katika Kampala, maji huingia vyumbani pamoja na takataka zilizoziba mifereji. Kinachofuata ni kuhara na homa, na wenye kuhara na homa huupanda mlima. Ndiyo kusema kilima hubeba madhambi ya bonde.

Uchumi wa langoni

Tusisahau wale wanaoishi kwa hospitali bila kuwa wagonjwa wala waganga. Kandokando ya barabara wako wauzao chapati, matoke, maharage, sabuni, ndala na mikeka. Mwenye kulinda mgonjwa usiku hula kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage. Ninyi wasomaji wetu mtatabasamu kusikia jina hilo, kwa maana ni chakula chenye jina la askari shupavu, nacho humshibisha mtu mwenye fedha kidogo na kazi nyingi. Mama auzaye kikomando langoni si mhalifu. Akiwa ameziba njia ya gari la wagonjwa, aondolewe kwa maneno na aonyeshwe pa kukaa. Kumwaga sufuria yake ni kumnyima chakula mtu aliyelala chini ya kitanda cha mgonjwa.

Damu ya barabarani

Sasa tuje kwenye jambo linalowahusu polisi moja kwa moja. Ripoti za mwaka za Polisi ya Uganda zilihesabu watu 4,806 waliouawa na ajali za barabarani katika mwaka 2023, na watu 5,144 katika mwaka 2024. Tukiigawa hesabu hii ya mwisho kwa siku, twapata watu kumi na wanne kila siku. Hiyo ni zaidi ya seksheni nzima ya askari ikizikwa kila jua linapokuchwa, na katika siku kumi ni kombania. Kama adui angetuua kwa kiasi hicho tungepiga tarumbeta. Kwa kuwa aliyetuua ni mwendo wa kasi, ulevi na ukaidi, twasema ni ajali tu.

Wengi wa majeruhi waletwao Mulago ni waendesha bodaboda na abiria wao. Sheria ya kuvaa kofia ngumu ipo tangu miaka mingi iliyopita. Kofia nazo zipo. Nyingi zimening'inizwa kwenye usukani wa pikipiki, ambapo hulinda usukani. Hapa twasema bila kuficha: raia hutazama kwanza mwenye sare afanyavyo. Askari apandaye bodaboda bila kofia, pamoja na wenzake wawili nyuma ya dereva mmoja, ameifuta sheria kwa mgongo wake mwenyewe. Hakuna onyo litakalotoka kinywani mwake kesho litakalosikilizwa.

Liko na jambo la karatasi. Mtu aliyejeruhiwa kwa kupigwa huhitaji Fomu ya Polisi Namba 3, ambayo daktari huijaza ili iwe ushahidi mahakamani. Fomu hiyo hailipiwi. Aombaye chochote kwa ajili yake anauza haki ya mtu anayevuja damu. Tena inafaa ieleweke kwamba matibabu hayangoji fomu. Mgonjwa atibiwe kwanza. Karatasi itamkuta kitandani.

Maradhi yasiyoonekana

Tarehe 30 Januari 2025 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola, wa aina ya virusi vya Sudan, umeingia Kampala. Aliyekufa siku moja kabla ya tangazo hilo alikuwa muuguzi wa Mulago yenyewe, ambaye kabla ya kufa alikuwa amepita katika vituo kadhaa vya matibabu, na hata kwa mganga wa jadi. Hebu tufikiri maana yake. Mtu aliyekuwa akiwahudumia wengine ndiye aliyeanguka kwanza, na njia yote aliyopita ikawa ni njia ya kufuatiliwa.

Taifa letu halikuwa geni kwa adui huyu. Mwaka 2000 huko Gulu waliugua watu 425 na wakafa 224, akiwamo Dakta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyekataa kuwaacha wagonjwa wake. Mwaka 2022 ugonjwa ulianzia Mubende. Hadi ulipotangazwa kwisha mnamo Januari 2023 ulikuwa umewapata watu 164 na kuua 77, wakihesabiwa wale waliothibitishwa na wale waliodhaniwa. Safari ya mwaka 2025, ingawa ulizuka katikati ya mji mkuu wenye watu wengi, uliwapata watu 14 na kuua wanne, na ukatangazwa kwisha tarehe 26 Aprili.

Tofauti hiyo haikuletwa na bahati. Watu waliokutana na wagonjwa walitafutwa mapema, wakaangaliwa. Siku nne tu baada ya tangazo, yaani tarehe 3 Februari, majaribio ya chanjo yalianzishwa hapo Mulago, kwa utaratibu wa kuwazunguka wale waliomgusa mgonjwa kama askari wanavyouzunguka msitu. Majaribio hayo yalipewa jina la Kiswahili, Tokomeza, na twajivuna kwamba neno lililochaguliwa ni la lugha inayosomwa katika ukurasa huu. Tarehe 18 Februari wagonjwa wanane waliopona waliruhusiwa kurudi makwao.

Kwa askari somo ni hili: katika maradhi ya kuambukiza, silaha ya kwanza ni habari ya kweli. Mtu akiogopa kwamba polisi watamkamata kwa kuwa ni mgonjwa, atajificha, na akijificha atawaua jirani zake. Polisi akifika nyumbani pamoja na waganga, afike kama msaidizi, akibisha hodi na kueleza. Kiboko hakijapata kumkamata mdudu wa Ebola.

Amana iliyovunjwa

Hatuwezi kuzungumza na watu wenye silaha juu ya Mulago pasipo kukumbuka mwezi wa Julai 1976. Mama mzee, Dora Bloch, mmoja wa mateka wa ile ndege iliyopelekwa Entebbe, alikuwa amelazwa Mulago. Baada ya mateka wengine kuokolewa, watu wa utawala wa Idi Amin walimtoa hospitalini, wakamwua. Hakuwa na bunduki. Alikuwa mgonjwa. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1979, baada ya utawala ule kuanguka.

Kisa hiki ni cha aibu, na kwa sababu hiyo hasa yafaa kisomwe na kila kuruta. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 yasema kwamba aliyejeruhiwa na aliye mgonjwa asidhuriwe, na mila za wazee wetu zilisema hivyo kabla ya karatasi yoyote kuandikwa. Kitanda cha hospitali ni amana. Hata mtuhumiwa aliyefungwa pingu kitandani ana haki ya kutibiwa, na askari anayemlinda huzuia mambo mawili: asitoroke, na asidhuriwe.

Lakini historia ina upande wa pili. Mnamo Novemba 2017, madaktari wa serikali walipogoma wakidai maslahi bora, madaktari wa jeshi walipelekwa kuwasaidia wagonjwa, nao wakaingia Mulago. Hatusemi kwamba askari ni jawabu la ugomvi wa mishahara. Ugomvi huo huamuliwa mezani. Twasema tu kwamba sare ile ile ambayo mwaka 1976 ilileta kifo wodini, baada ya miaka arobaini na mmoja ilileta sindano na bendeji. Kitambaa hakina tabia. Tabia ni ya aliyekivaa.

Wajibu wetu

Kutokana na hayo twaona mambo matatu. Kwanza, kila askari na kila polisi ajifunze huduma ya kwanza na kuitumia, maana majeruhi aliyefungwa jeraha vizuri kule barabarani hufika Mulago akiwa na nafasi ya kuishi. Pili, ashike sheria mwenyewe kabla ya kuishikisha kwa wengine, kuanzia kofia ya bodaboda hadi fomu isiyolipiwa. Tatu, alipo mgonjwa, bunduki ikae nyuma na adabu itangulie.

Kila mmoja wetu atapita siku moja katika lango lile, kwa miguu ama kwa machela. Hapo hatutaulizwa cheo. Tutamkuta muuguzi aliyekesha, na yule mama wa ndoo akitupisha njia, na itakuwa vyema kama atukumbuka kwa wema tuliomtendea tulipokuwa wazima.