SADAKA YETU, SAUTI YETU

Ndugu Wafanyakazi,

Wako wasemao kwamba sisi wa Kibera na Kawangware ni watu wa kupewa tu. Uongo mtupu! Nyumba zikiungua, nani huchanga? Jirani akifa, nani humsafirisha hadi kwao? Ni kibarua wa Industrial Area na mama afuaye nguo Lavington.

Ukarimu tunao. Shida ni kwamba mchango wa leo huisha leo. Kesho tunamngoja mfadhili, naye ana wakubwa wake. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID. Je, wagonjwa wetu waliulizwa?

Iko njia nyingine. Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1997, husaidia vikundi kuweka hazina ya kudumu. Mtaji hauguswi, huwekezwa, na faida yake ndiyo hutumika, mwaka baada ya mwaka.

Mtu atauliza: fedha zikilala, mwenye njaa ale nini? Ni swali la haki. Basi harambee ya msiba iendelee, ila katika kila mchango tutenge kidogo.

Lakini jihadharini! Hazina isiyolindwa na wenyewe ni karamu ya wakubwa. Hesabu isomwe mbele ya wote, kwa Kiswahili. Mwenye shilingi kumi awe na kura sawa na mwenye elfu kumi. Wala mwajiri asijifiche nyuma ya sadaka: kwanza mshahara wa haki, hisani baadaye.

Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hicho tukishike sisi wenyewe!