Wafunzeni Wahadhiri Kupokea "Hapana"

Siku hizi wahadhiri wa vyuo vikuu wanapelekwa semina, wanafunzwa namna ya kufundisha maadili ya utafiti. Ni jambo jema, na halikuanza jana. Kituo cha Fogarty, kilicho chini ya taasisi za afya za Marekani, kinafadhili mafunzo ya aina hiyo tangu mwaka 2000, na Afrika imo. Lakini sisi wa Kakuma tunafuatwa na watafiti miaka nenda miaka rudi tangu kambi ifunguliwe mwaka 1992. Kwa hiyo tuna swali: humo ndani ya semina, nani anakaa kwenye kiti cha mwalimu?

Mara nyingi ni profesa anamfunza profesa. Matunda yake tunayaona, maana wanafunzi wao ndio wanaotujia na madodoso. Karatasi zote ziko sawa: kibali cha NACOSTI, barua ya kamati ya maadili ya chuo, ruhusa ya kuingia kambini. Halafu huyo mtafiti anashuka kwenye gari la shirika, anaketi kivulini, anamsomea mama fomu ya ridhaa: "Una uhuru wa kukataa, hutapoteza chochote." Mama anaangalia fomu, anaangalia gari. Anatia sahihi. Jamani, hiyo ni ridhaa? Hiyo ni hesabu ya tumbo.

Na vitabu vyao vinalijua hilo. Kila anayefundisha maadili anataja Tuskegee, kule Alabama, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipopatikana. Hawakufungwa kamba wale. Walipewa chakula, vipimo vya bure na ahadi ya gharama za mazishi. Baada ya aibu ile ikaja Ripoti ya Belmont, 1979, na nguzo zake tatu: kuheshimu watu, kutenda mema, na haki. Kwenye hiyo ya haki, ripoti inaonya watafiti wasichague watu kwa sababu tu wanapatikana kirahisi au ni wanyonge. Sasa hebu niambieni, nani anapatikana kirahisi kuliko mtu wa kambini? Tuna namba za bloku, tuna kadi, na kutoka tu kunahitaji kibali.

Wahadhiri wanazikariri nguzo hizo vizuri. Tatizo ni kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Najua watakachosema. Kwanza, eti watu wa kambini hawana shahada za kumfundisha mhadhiri. Wasan wa Afrika Kusini hawakungoja shahada. Mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, na humo wakasema wazi kwamba mtafiti anayeahidi kurudisha matokeo asirudishe amewakosea heshima. Sisi hapa tumeahidiwa mara ngapi?

Pili, watasema tukifunza watu kukataa, utafiti utakufa. Si kweli. Utafiti tunautaka. Mgao ukipunguzwa, tunataka mtu apime na aandike njaa imewafanya nini watoto wetu. Lakini anayeogopea kadi yake atakujibu unachotaka kusikia. Ridhaa ya uongo inazaa takwimu za uongo, na takwimu hizo zinaturudia zikiwa sera. Anayeumia ni sisi tena.

Basi tunadai haya. Mosi, wakufunzi wa semina hizo wawemo waliotafitiwa, na walipwe kama wakufunzi, si soda na nauli. Waanze na wakalimani wetu, kwa sababu wao ndio wanaomwona mtu akisema ndiyo kwa mdomo na hapana kwa macho. Pili, zoezi la kwanza lisiwe slaidi. Mhadhiri asomewe fomu ya ridhaa kwa lugha asiyoijua vizuri, mbele ya mtu anayeshika mshahara wake, kisha aulizwe kama anakataa. Akishindwa, hapo somo limeanza. Tatu, asipewe cheti mpaka awe amerudisha matokeo ya utafiti wake mmoja kwa watu waliompa majibu, kwa lugha yao, na amekaa kusikiliza wanapompinga.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, msikae kando. Msimbebe mtafiti kwenye gari lenu, aje na bodaboda. Msimpe orodha ya majina kutoka kwenye daftari la mgao. Msimtume kiongozi wa bloku kuita watu, kwani nani atamkatalia? Na mama akisema "hapana", mtafiti afunge daftari, amshukuru, aende zake, na asiulizwe na mtu kwa nini hakutimiza idadi.

Hilo ndilo somo lenyewe. Wahadhiri wakija kulichukua, walimu wapo huku.