Mbuzi wa Dodoma, waini ya Cape?

Leo sina habari za lekcha wala za bumu kuchelewa. Nina ugomvi na ninyi, hasa ninyi mnaosema waini ya Dodoma ni ya kanisani na ya walevi.

Juzi tulikuwa kwenye kapati ka kumpongeza dada mmoja wa Elimu, kwenye hoteli moja mjini (sitaitaja). Mezani mbuzi choma wa Kigogo, ndizi, kachumbari ya pilipili. Kwenye chupa sasa! Zote za Afrika Kusini. Nikamuuliza mhudumu kama kuna ya hapa. Akacheka: "Kaka, hii shughuli ya watu wa heshima." Na washikaji zangu wakacheka naye! Watu wanaopanga vyumba Majengo, kila siku wanapita sokoni kwenye zabibu za hapa hapa, halafu heshima yao ipandishwe meli kutoka Cape Town.

Oneni wenzetu wa Uswisi. Kule Valais wana waini nyekundu inaitwa Dôle, mchanganyiko wa zabibu za Pinot Noir na Gamay. Wanainywa na nyama yao ya ng'ombe iliyokaushwa kwa hewa ya milimani, na jibini. Hawaoni haya. Waini wanayouza nje ya nchi haifiki hata asilimia 3, nyingine yote wanaimaliza wenyewe. Na hao ni matajiri, wangeweza kuagiza chochote.

Sisi tuna zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora, jina la hapo hapo Makutupora penye kituo cha utafiti. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho Mswisi na baridi yake hakipati. Mnasema "ni tamu kama sharubati". Hapana, mmekunywa Dompo mkadhani mmemaliza somo. Iko pia Makutupora kavu, isiyo na utamu, yenye ukakasi kidogo. Ukakasi huo ndio dawa ya mafuta ya mbuzi: unatafuna ubavu, unapiga funda, mdomo unasafishika, unarudi kwenye ubavu. Kuku wa kienyeji wa kuchoma naye anakubali. Ile tamu iacheni kwa vyakula vya pilipili kali. Perege wa bwawa la Hombolo mtafutieni nyeupe ya Chenin Blanc. Na mlenda? Mlenda unyweeni maji tu, sitawadanganya.

Kosa jingine ni kuinywa ikiwa ya moto. Chupa imeshinda kaunta na jua letu hili, halafu mnasema mbaya! Iwekeni kwenye friji nusu saa, hata nyekundu. Na jamani, wa kuchanganya na soda, acheni.

Asiyekunywa asinune, ugomvi huu haumhusu. Wala sisemi chupa zetu zote ni nzuri, nyingine kwa kweli zinakwaruza koo. Ila mtengenezaji atarekebisha kwa ajili ya nani kama wanywaji wenyewe tuko Cape?

Maana wanaoumia si wenye hoteli. Zabibu haingoji kama mahindi. Kiwanda kisiponunua, mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anazikamua, anabaki na mchuzi wa zabibu kwenye matangi akisubiri mteja, na ada ya mtoto imo humo humo. Serikali kwa miaka kadhaa ilitoza ushuru mdogo kwa waini yenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75. Ushuru ulipunguzwa, lakini mnywaji mwenyewe ndiye huyu anayecheka na mhudumu. Na kesho kutwa huyo huyo ni mwalimu, anamfundisha mtoto wa mkulima yule uraia na uzalendo!

Haya, karibuni mnitukane kwenye maoni. Jumamosi nachoma mbuzi hapa geto, chupa mbili za Makutupora kavu ninazo. Anayebisha aje na kachumbari yake.