Umekinunua, Lakini Si Chako

Mtu akinunua jembe dukani, jembe lile huwa lake. Aweza kulima nalo, kumwazima jirani, kuliuza siku ya shida, na siku akifa watoto wake hulirithi pamoja na vyombo vingine vya nyumbani. Mwenye duka hawezi kuja usiku wa manane akalitoa nyuma ya mlango na kuacha fedha juu ya kizingiti, hata kama fedha hizo ni zile zile alizopokea. Akifanya hivyo tutamwita mwizi, wala hakuna mwanasheria atakayetushawishi tumwite kwa jina jingine.

Jambo la namna hiyo lilitendeka Marekani mwezi wa Julai 2009, si kwa jembe bali kwa kitabu. Kampuni ya Amazon ilikuwa imewauzia wateja wake nakala za vitabu viwili vya mwandishi Mwingereza George Orwell, yaani 1984 na Animal Farm, ili wavisome katika kifaa chake kiitwacho Kindle. Baadaye ikagundulika kwamba aliyeviingiza vitabu hivyo katika duka hilo hakuwa na hakimiliki yake kwa nchi ya Marekani. Kosa lilikuwa la muuzaji huyo. Hata hivyo kampuni ilivifuta vitabu hivyo kutoka mbali, ndani ya vifaa vya watu waliokwisha kuvilipia, ikawarudishia fedha zao. Hakuna aliyebisha hodi. Mwanafunzi mmoja wa sekondari katika jimbo la Michigan alikuwa akisoma 1984 kwa ajili ya masomo yake. Kitabu kilipotoweka, maelezo aliyokuwa ameyaandika hayakuwa na kurasa za kuyaegemea tena.

Wasomaji wetu wengi wanakifahamu kimojawapo cha vitabu hivyo, kwa maana Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Kile kingine kinasimulia utawala ambao watumishi wake hutupa ndani ya tundu kila karatasi isiyotakiwa kukumbukwa, ikaungue. Watu wengi waliicheka sadfa hiyo. Mimi ilinikosesha raha. Mkuu wa kampuni wakati huo, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani na kukiri kwamba kitendo kile kilikuwa cha kipumbavu. Kesi iliyofunguliwa ikamalizwa kwa mapatano ya dola 150,000, pamoja na ahadi kwamba vitabu havitafutwa tena namna ile isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Nayapokea maombi hayo ya radhi. Lakini aliyeahidi kutoutumia ufunguo wa nyumba yako bado anao mfukoni.

Tena si lazima pawe na kosa la mtu yeyote. Mwezi wa Aprili 2019 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba inafunga duka lake la vitabu vya elektroniki. Kufunga duka ni haki ya kila mfanyabiashara. Ajabu ni kwamba kuanzia Julai mwaka huo vitabu vilivyokwisha kuuzwa navyo vilifungwa pamoja na duka, kwa kuwa kila kimoja kilitiwa kufuli linalohitaji kibali cha mashine za kampuni ili kifunguke. Wateja walirudishiwa fedha, na wale walioandika maelezo kandokando ya kurasa waliongezewa dola 25. Nani aliyewahi kusikia kwamba mchuuzi wa vitabu pale stendi akihama mji, vitabu alivyouza miaka iliyopita hufa mikononi mwa wasomaji?

Majibu ya makampuni yanajulikana. Yasema kwamba mteja hakununua kitabu, bali alinunua leseni, yaani ruhusa ya kukisoma, nayo ruhusa yaweza kuondolewa. Wanaonyesha hati ndefu ya masharti ambayo mteja aliikubali kwa kubofya mara moja. Hapo ndipo ninapoona udhalimu. Penye kitufe cha kulipia pameandikwa neno «Nunua» kwa herufi kubwa. Neno «ruhusa» limefichwa ukurasa wa kumi na tano, kwa herufi ndogo na kwa lugha ya mahakama. Mtu mmoja anadai bei ya kuuza huku akitoa haki za kukodisha. Sokoni kwetu, auzaye debe la mahindi kwa kipimo cha namna hiyo hushikwa na mkaguzi wa mizani.

Sheria haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la kampuni ya uchapishaji ya Bobbs-Merrill. Kampuni hiyo ilipiga chapa ndani ya riwaya yake moja onyo kwamba bei ni dola moja, na kwamba atakayeiuza kwa bei ya chini atakuwa amevunja hakimiliki. Duka la Macy's la New York likaiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema kwamba hakimiliki humpa mwenyewe uwezo wa kuamua juu ya kuchapa na juu ya uuzaji wa kwanza. Nakala ikiisha kuuzwa kihalali, aliyeinunua aweza kuiuza tena kwa bei aitakayo. Juu ya msingi huo mdogo yamesimama maduka yote ya vitabu vilivyotumika na maktaba zote zinazoazimisha.

Huenda msomaji akauliza, mambo haya ya Marekani yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki, ambao wengi wetu hata hicho kifaa hatujakishika? Yanatuhusu kuliko yanavyowahusu Wamarekani. Mtu tajiri akinyang'anywa kitabu atanunua kingine. Maskini hupata kitabu baada ya mtu mwingine kumaliza kukisoma. Katika shule ya misheni niliyosoma mimi, maktaba ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili, na sidhani kama palikuwa na vitabu kumi vilivyonunuliwa vikiwa vipya. Vilikuja katika maboksi. Ukifungua jalada unakuta mhuri wa shule ya Uingereza, chini yake jina la mtoto fulani, chini yake tena jina la padre aliyekuwa nacho kabla ya kufariki, kisha majina yetu sisi kwa wino wa bluu. Nilijifunza kusoma kwa kitabu kilichokuwa na mabwana wanne kabla yangu. Ni mitumba ya vitabu, na kama vile mitumba ya nguo ilivyowasitiri wengi, hiyo nayo iliwaelimisha wengi.

Kitabu cha elektroniki hakina mtumba. Padre akifa leo na kuacha vitabu mia tatu ndani ya kifaa chake, parokia haiwezi kupokea hata kimoja, maana masharti huwa yamemfunga mteja yule peke yake. Mfanyabiashara mmoja wa Uholanzi alijaribu kufungua soko la vitabu vya elektroniki vilivyokwisha kusomwa; mwezi wa Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba haruhusiwi bila idhini ya wenye hakimiliki. Hoja moja ya mahakama ilikuwa kwamba nakala ya elektroniki haichakai, hivyo nakala ya pili ni mpya sawasawa na ya kwanza, na soko lake lingewaumiza wenye haki. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Lakini tazameni ilivyogeuzwa upande wa pili. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliziambia maktaba kwamba kitabu chake cha elektroniki kitaazimwa mara 26 tu, kisha maktaba ikinunue upya, kana kwamba kimechanika. Kitu kisichochakaa kikatungiwa uchakavu kwa mkataba. Basi penye faida kwa mwenye kufuli kitabu hakichakai, na penye faida kwake vilevile kitabu kimechakaa!

Juu ya hayo, mwaka 1998 Marekani ilitunga sheria inayokataza kuvunja kufuli la namna hii, ikiacha misamaha michache tu, hata kama aliyelivunja amelipia kitabu na hana nia ya kukisambaza. Kenya nayo iliweka katazo la aina hiyo katika Sheria yake ya Hakimiliki ya 2001. Kwa hiyo mwenye kifaa anaweza kuwa mkosaji kwa kufungua mlango wa kitu chake mwenyewe.

Walioumia kwanza walikuwa vipofu. Mapema mwaka 2009 Kindle ya toleo la pili ilitoka ikiwa na uwezo wa kukisoma kitabu kwa sauti. Kwa asiyeona, hiyo ilikuwa habari njema kupita kiasi: kitabu kile kile kinachouzwa kwa wote, siku ile ile, kwa bei ile ile, bila kungoja miaka hadi mtu mwenye huruma akiandike kwa nukta nundu. Chama cha waandishi cha Marekani kikalalamika kwamba kusoma kwa sauti ni haki nyingine, inayouzwa kando. Kabla ya mwisho wa Februari kampuni ikawapa wachapishaji uwezo wa kuizima sauti hiyo, kitabu kwa kitabu. Mwezi wa Aprili vipofu na marafiki zao waliandamana mbele ya ofisi za chama hicho mjini New York. Hebu tufikiri. Mama akimsomea mwanawe kitabu kwa sauti, hakuna anayemdai ada ya pili. Mashine ikimsomea kipofu, ada inadaiwa.

Mambo hayo hayakupita bure. Juni 27, 2013, mjini Marrakesh, mataifa yalikubaliana mkataba unaoruhusu nakala za nukta nundu, za sauti na za maandishi makubwa zitengenezwe na kuvushwa mipaka bila kungoja idhini ya mwenye hakimiliki, na unaozitaka nchi zihakikishe kwamba makufuli hayawazuii walengwa kuipata haki hiyo. Ulianza kutumika Septemba 30, 2016. Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga nao. Nawaomba walimu wa shule za wasioona wausome mkataba huo wenyewe, maana una mengi ya kuwasaidia ambayo hayataletwa mlangoni kwao.

Wapo watakaosema kwamba ninatetea wizi, na kwamba mtunzi naye ana tumbo. Mtunzi ana tumbo, kweli kabisa. Anayenakili kanda ya kwaya zetu na kuiuza barabarani bila kuwapa waimbaji hata ndururu anakula jasho la wengine, na simtetei. Lakini tuulize makufuli haya yanamlinda nani. Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa kibarua wa kampuni ya kanda na santuri mjini Johannesburg, aliuimba na kuurekodi wimbo wake Mbube mwaka 1939. Haki zake alizitoa kwa shilingi chache. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina na maneno, ukawa The Lion Sleeps Tonight uliovuma mwaka 1961, na mwaka 1994 ukaingia katika filamu ya Disney, The Lion King. Linda alifariki maskini mwaka 1962. Wakati wote huo hakimiliki ilikuwapo, ikifanya kazi kwa bidii, ikikusanya ada kila wimbo ulipopigwa. Ila haikuwa ikimkusanyia yeye. Warithi wake walifungua kesi mwaka 2004 wakiegemea sheria ya kikoloni ya Uingereza ya 1911, iliyosema kwamba miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi haki hurudi kwa warithi wake. Mapatano yalifikiwa Februari 2006.

Kwa hiyo msomaji aliyenyang'anywa kitabu na mtunzi aliyenyang'anywa wimbo si maadui, ingawa makampuni hupenda tuamini hivyo. Wote wawili walitia sahihi karatasi iliyoandikwa na mtu wa tatu aliyekaa katikati yao, mwenye mawakili, nao hawakuwa na wakili.

Kuna dalili ndogo za nafuu. Tangu Januari 1, 2025 jimbo la California halimruhusu muuzaji wa vitabu, nyimbo, filamu au michezo ya elektroniki kutumia neno «Nunua» bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni, isipokuwa pale anapompa nakala atakayoihifadhi moja kwa moja. Sheria hiyo haimrudishii mteja kitabu. Inamrudishia ukweli wa neno, na huo ni mwanzo. Upande wa pili, tarehe 26 Februari mwaka huo huo Amazon iliondoa njia iliyowawezesha wateja kushusha vitabu vyao katika kompyuta na kuvihamishia kwenye kifaa kwa waya.

Wabunge wetu hawahitaji kungoja miaka kumi ili kuiga jambo dogo kama lile la California. Nasi tunaonunulia shule na parokia vifaa vya kidijitali tuanze na maswali matatu kabla ya kutia sahihi. Vitabu vilivyomo, vitabaki siku kampuni ikifungwa? Vyaweza kuhamishiwa kwenye kifaa kingine hiki kikivunjika? Shule ikivimaliza, yaweza kuipa shule ya jirani? Muuzaji akijibu hapana kwa yote matatu, basi bei anayoitaja ni ya kukodi, na tujadiliane naye kwa bei ya kukodi. Fedha itakayobaki inatosha kununulia boksi la vitabu vya karatasi, na ndani ya jalada la kila kimoja watoto waandike majina yao.