Chimbeni soja kwanza, urea baadaye

Mvua ya kwanza haiko mbali, na katika mikutano ya koperative kuzunguka Lubumbashi hesabu ni ile ile: mifuko mingapi ya NPK, mingapi ya urea, nani atakopa, atalipa na nini. Sisi hatupingi angre. Mahindi yanaitaka, na bila mahindi hakuna bukari. Tunachopinga ni tabia ya kununua urea kwa ajili ya soja wakati hakuna mtu aliyeangalia mizizi yake.

Kuiangalia si kazi ngumu. Soja ikianza kutoa maua, wiki ya sita mpaka ya nane, chagua mimea kumi, huku na huku shambani. Usivute kwa mkono, vinundu vitabaki chini. Chimba na jembe, tikisa udongo polepole. Vile vinundu vya mviringo wengine wanasema ni ugonjwa. Hapana, ni nyumba za bakteria. Pasua kimoja na ukucha: ndani kikiwa chekundu kama nyama, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi.

Kazi yenyewe ni gani? Katika hewa tunayopumua, karibu sehemu 78 kwa 100 ni nitrojeni, chakula kile kile tunacholipia katika mfuko wa urea. Mmea hauwezi kuichukua hewani. Bakteria wanaweza: mmea unawapa sukari, wao wanaupa nitrojeni. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walilionyesha mwaka 1888, basi si habari ya jana. Lakini ukimwaga urea nyingi kwenye soja, mmea umekwisha kushiba, hauwalishi tena, na vinundu vinapungua. Koperative inakopa franka ili kufukuza wafanyakazi wa bure!

Wa mama wanaookota uyoga msituni wanajua urafiki wa namna hii kabla ya sisi kusoma vitabu. Mutondo na musamba zikikatwa zote kwa makala, uyoga wake hautoki tena pale. Nyuzi zake zimeshikamana na mizizi ya miti ile, zinaipelekea fosfori na maji, zinapewa sukari.

Sasa, soja ni mgeni, imetoka Asia. Karanga na kunde zinapatana kwa kawaida na bakteria wa hapa. Soja nyingi zinachagua. Kuko njia mbili. Ya kwanza ni mbegu za TGx, ambazo kituo cha IITA cha Nigeria kilizitengeneza ili zipokee bakteria wenyeji wa Afrika. Ya pili ni poda ya bakteria ya kupaka kwenye mbegu, kama Biofix inayotengenezwa Kenya. Wakulima wa Kivu ya Kusini waliijaribu poda ya namna hii katika mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009. Pakiti ya gramu 100 inatosha kilo 10 mpaka 15 za mbegu. Lakini poda ni kitu hai: ikilala juani imekufa, na umenunua vumbi. Paka kivulini, panda siku ile ile, funika haraka, usichanganye na angre. Na ile ya maharagi haifai kwa soja, muuzaji aseme anavyotaka.

Poda si dawa ya kila kitu. Udongo wetu mwekundu iko na asidi na fosfori kidogo. Pale bakteria wanachoka kama mmea wenyewe. Chokaa kidogo na fosfori vinaweza kusaidia kuliko mfuko wa pili wa urea. Na mashamba yaliyo upande ambako moshi wa kiwanda cha shaba, kilichowashwa mwaka 1911, ulikuwa unaelekea, ni habari nyingine: pale udongo upimwe kwanza, mbele ya kununua chochote.

Kwa hiyo tunaomba kila koperative, msimu huu, iweke kando sehemu ya pesa ya urea ya soja mpaka mizizi ionekane. Mistari mitano yenye poda, mitano bila poda, shamba moja, siku moja ya kupanda, bila urea pande zote mbili. Wakati wa maua, chimbeni wote pamoja, mwenye shamba na mweka pesa wakiwepo, muhesabu vinundu vyekundu.